Leja ya Kuni

Yeko alipopanda gari kwenda Mbale
kumuuguza binti yetu, mtoto akiwa amekuja kabla ya mwezi wake,
aliniachia ng'ombe mmoja, mjukuu mmoja, kuku saba
na kuni.
"Zitazame," alisema.
Hakusema zihesabu.

Lakini mimi nilikuwa karani wa stoo ya kahawa
miaka ishirini na sita, hapa hapa Kapchorwa.
Gunia halikutoka bila sahihi yangu.
Basi jioni ile ile nikatwaa daftari, nikapiga mistari:
Zilizoingia. Zilizotoka. Salio.

Jumatatu, salio la kuanzia: vipande mia mbili na kumi na vinne.
Ugali, vitatu. Chai, kimoja.
Maharage, sita,
na hayakuiva.
Jumanne, maharage yale yale, vitano.
Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: ichunguzwe.

Satya, wa miaka tisa, alikwisha kuchunguza.
"Babu, hizo ni za mkaratusi. Bibi huwashia tu.
Za maharage ni zile nyeusi, za chini,
zinazokataa shoka."

Nikafungua ukurasa mwingine.
Mkaratusi: huwaka kama umbea, ukigeuka umekwisha, umekuachia moshi.
Matawi ya mibuni: mengi, mepesi, hayakai.
Mgunga: hushika moto kama kinyongo, polepole, hadi alfajiri.
Magunzi ya mahindi: chenji.

Alhamisi, mvua.
Mvua ya huku hainyeshi tu, hupanda kutoka bondeni
na kuingia ubavuni mwa rundo
mahali ambapo Yeko huweka bati, nami sikuweka.
Idadi ile ile ya jana, bila pungufu,
na hakuna hata moja ya kupikia.
Kahawa yenye maji tuliirudisha mlangoni,
mkulima akanuna, akaenda kuianika.
Kuni zenye maji ningezirudisha kwa nani?
Nilizilaza uchagani, juu ya mafiga,
zikaushwe na moshi wa dada zao.
Tulikula ndizi mbivu, Satya na mimi, bila kusemeshana.

Ijumaa nikaenda kuchomoa mgunga,
nikakuta kuku mweusi, yule mwenye jicho moja,
amejichimbia katikati ya rundo, ameatamia.
Nikanyoosha mkono.
Akanidonoa kidole cha kuandikia.
Nimeandika hivi, mwandiko mbaya kidogo:
Vipande kumi na tisa, vyote vya mgunga, vimezuiliwa
siku ishirini na moja.
Sababu: mayai manane.

Jumapili usiku Yeko akapiga simu.
Mtoto ana kilo moja na nusu.
Yuko ndani ya sanduku la kioo, wanampa joto kwa umeme,
na umeme ukizimika wauguzi hukimbilia jenereta.
Hakusema anafanana na nani.
Nilisikia korido, viatu, mtu akiita jina lisilo letu.
Kisha akauliza habari za kuni.

"Mia moja thelathini na mbili," nikasema,
"ukiondoa za kuku."
Nikamweleza.
Akacheka, kicheko kifupi kilichokatika katikati
kama kijiti kikavu.
"Za kuku usiziondoe," alisema. "Hizo ndizo zilizo kazini."

Nikarudi jikoni na kurunzi.
Satya amelala, maharage yameiva hatimaye,
sufuria limefunikwa kwa jani la mgomba.
Kijinga kimoja cha mgunga kilikuwa bado chekundu.
Kila usiku nilikuwa nikikimwagia maji, nikikihesabu, nikifunga leja.
Safari hii nilikifukia jivuni taratibu,
jivu juu, jivu pembeni,
kama nilivyomwona Yeko akifanya miaka yote
bila mimi kuuliza kwa nini.

Nikakaa na kalamu.
Hakijaingia. Hakijatoka.
Nikaweka mkono juu ya jivu:
vuguvugu.
Mahali pa salio nimepaacha wazi hadi asubuhi.